Picha za Japani Zilizofika Kabondo

Katika mtaa wa Kabondo, karibu na msikiti, palikuwa na studio ya picha yenye mlango wa buluu. Mwenyewe aliitwa Amuri Nassoro. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wateja: kabla ya kupiga picha alishika pumzi yake mwenyewe, mashavu yakamjaa hewa, hata watoto wanaoogopa kamera wakasahau kulia. Ufundi aliupata kwa Mgiriki mmoja mwenye duka mjini, ambaye alimwanzisha kwa kufagia, kisha akamwonyesha chumba cha giza. Mwishowe, Wazungu walipoanza kufunga virago, Mgiriki yule akamwachia kamera yake kubwa ya miguu mitatu pamoja na masanduku ya karatasi za kusafishia picha.

Mwaka ule wa Uhuru, 1960, Amuri hakupata nafasi ya kukaa kitako. Kila mtu alitaka picha. Walikuja makarani waliopandishwa vyeo wakiwa wamevaa makoti yaliyowapwaya, walikuja vijana wa vyama, walikuja maharusi, na wote walisimama mbele ya shuka moja jeupe lililotundikwa ukutani. Mji uliitwa bado Stanleyville kwenye mabango ya serikali, lakini midomoni mwa wenyeji ulikuwa Kisangani tangu zamani.

Mkewe, Hadidja, ndiye aliyewapanga wateja. Aliwanyoosha kola, akawageuza mabega, akawafuta poda iliyozidi. Alikuwa na jicho la nyuso za watu.

"Huyu mama umupige upande wa kushoto," angemnong'oneza mumewe. "Jicho la kuume limechoka."

Amuri alimfundisha kuweka filamu, kisha kusafisha picha, na baada ya muda hakuna aliyeweza kusema picha ipi imesafishwa na bwana na ipi na bibi. Lakini kitu kimoja hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukifanya: kutoka nje na kamera. Mto mkubwa ulipita karibu, maporomoko ya Tshopo yalinguruma kaskazini ya mji, na Amuri hakuwahi kuyapiga picha. Ukimwuliza, alishangaa.

"Nani ataweka picha ya mto ku ukuta, na mto yenyewe iko pale?"

Mambo yalianza kubadilika siku aliposhuka mgeni mmoja kutoka kwenye meli ya Léopoldville, mapema mwaka 1963. Alikuwa Mjapani, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa na mikoba mingi kuliko mabega yake. Aliitwa Morita. Alikuwa akizunguka dunia kupiga picha za watu wanaovua katika mito, na alikuwa amesikia habari za Wagenia, wale wavuvi wanaosimika miti katikati ya maji yanayokimbia na kuning'iniza humo migono mikubwa ya kunasia samaki. Alitafuta mtu mwenye chumba cha giza, mtu anayejua Kifaransa kidogo, na mtu mwenye rafiki kati ya Wagenia. Wote watatu aliwapata kwa Amuri.

Rafiki huyo Mgenia aliitwa Lambert, mvuvi mwenye kifua kipana na kicheko cha karibu. Aliwapeleka kwenye mawe ya mtoni. Mjapani hakusita. Alivua viatu, akaingia majini mpaka kifuani, kamera ameiinua juu ya kichwa.

"Ule mutu atakufa, Amuri," Lambert alisema. "Umwambie hii maji haina mchezo."

"Nimemwambia. Anasema ku kwao vilevile kuna mto."

"Na kwao wanavua na nini?"

Amuri aliuliza. Morita alitoka majini akichuruzika, akaanza kueleza kwa mikono kuliko kwa mdomo. Kwao Gifu, alisema, watu wanavua kwa ndege weusi, mnandi, waliofungwa kamba shingoni. Ndege anazama, anashika samaki, lakini kwa sababu ya ile kamba hawezi kummeza, basi mvuvi anamtoa kooni.

Lambert alicheka hata akaketi juu ya jiwe. "Ndege anakamata samaki, halafu anakupa weye? Na yeye anakula nini?"

"Wadogo wanapita," Morita alijibu. "Wakubwa ni wa mwenye kamba."

"Basi ule ndege anafanya kazi ya serikali," Lambert alisema, na hata Morita, alipotafsiriwa, alicheka.

Alipokuwa akiondoka, Mjapani yule alimwambia Amuri, "Nawe uje uone kwetu." Amuri alimshukuru na kuyasahau maneno hayo, maana mgeni anayeaga husema mengi. Lakini baada ya mwaka mmoja ukafika mwaliko wa kweli, pamoja na tikiti ya ndege. Chama cha wapiga picha wa Gifu kilimwomba aje kwa miezi miwili, majira ya uvuvi, atembee nao na kamera.

Amuri alikaa na mwaliko ule mapajani siku nzima. Usoni alikuwa na furaha, lakini miguu ilikuwa mizito. Binti yao, Nyota, alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kumfukuza kuku.

"Na studio?" alimwuliza mkewe.

"Studio iko na mutu. Miye niko nani?" Hadidja alijibu. "Uende, Papa Nyota. Uende ukatuletee sura ya hiyo inchi."

Baba mdogo wa Amuri, Tonton Feruzi, aliyekuwa fundi cherehani, alimshonea koti zito la sufu lenye vifungo vya mfupa. Watu walicheka. Tonton Feruzi hakujali. Alisema amesikia kwamba huko maji yanaweza kugeuka mawe, na mtoto wa kaka yake hatakwenda kufia ugenini kwa baridi.

Amuri aliondoka mwezi wa sita mwaka 1964.

Alifika Japani wakati wa joto na mvua, amebeba koti begani kama mzigo wa mtu mwingine. Nyumba ya Morita ilikuwa ya mbao, na sakafu yake ilikuwa ya mikeka minene iliyonukia majani makavu. Humo aliishi Morita na mama yake, kikongwe aliyepinda mgongo, mwenye macho mepesi. Mama huyo hakujua neno hata moja la Kifaransa, lakini siku ya kwanza alimtazama Amuri kutoka miguuni mpaka kichwani, akaenda kufunga kitambaa chekundu kwenye boriti ya mlangoni ili mgeni aione asije akagonga paji la uso. Tangu hapo Amuri alijisikia yuko kwa watu.

Picha zake za kwanza zilikuwa mbaya. Milima ya huko ni mizuri, imejipanga safu nyuma ya safu, buluu juu ya buluu, na Amuri aliipiga yote. Morita alizitandaza picha sakafuni, akazipanga, akazipanga upya.

"Sema tu," Amuri alimwambia.

"Zinafanana na kadi za dukani. Wewe hukuwepo." Alijikuna kichwa. "Kule kwako ulipigaje?"

"Mtu mbele, shuka nyuma."

"Basi piga hivyo."

Amuri alilala na maneno hayo. Asubuhi alirudi kwenye kilima kile kile cha mashamba ya chai, lakini safari hii hakuutazama mlima. Aliwatazama akina mama wanaochuma, vilemba vyeupe vichwani, vikapu mgongoni. Aliwasalimia kwa maneno machache aliyofundishwa, wakaangua kicheko kwa matamshi yake, naye akashika pumzi, mashavu yakajaa, wakacheka zaidi. Akapiga. Mlima ulikuwa pale nyuma yao, umekaa kimya mahali pake kama shuka la Kabondo. Picha ile Morita aliibandika ukutani mwa chumba cha giza.

Baada ya hapo hakushikika. Alimpiga mzee anayetengeneza miavuli ya karatasi, na uwanja mzima ambamo miavuli hiyo, mamia kwa mamia, ilifunguliwa ikauke juani, myekundu na ya manjano. Alipiga lango jekundu la mahali pao pa ibada, na chini ya lango mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitambaa, sawasawa na wanavyobeba Kisangani. Aliuona uvuvi wa mnandi. Jua likishazama, mashua nyembamba zilishuka na maji, mbele ya kila mashua umening'inia moto ndani ya kikapu cha chuma, na mvuvi aliyevaa sketi ya majani makavu akishika kamba nyingi kwa mkono mmoja bila kuzichanganya. Filamu ya kwanza ilitoka nyeusi tupu. Ya pili ilitoka na cheche tu. Ndege wenyewe aliwapata baada ya kurudi mara nyingi, midomo yao wazi, samaki waking'aa kooni.

Ilikuwa imebaki wiki moja arudi nyumbani Morita alipokuja na gazeti. Hakuketi. Alisema waasi wameingia Stanleyville, jeshi limekimbia, na ndege haziendi tena.

Mwanzoni Amuri hakuelewa. Alipoondoka palikuwa na minong'ono ya vita kusini, lakini nani hakuwa na minong'ono miaka ile? Walikwenda posta kupeleka simu ya maandishi. Haikupita. Wakapeleka nyingine. Wiki zikapita, tikiti yake ikabaki karatasi tu, na redio ya Morita ikataja jina la mji wake kila jioni pamoja na maneno ambayo Morita hakutaka kuyatafsiri. Amuri aliacha kula. Aliketi ukumbini na kushika tama, kamera yake ndani ya mkoba.

Siku moja yule mama kikongwe aliketi mbele yake, akamwita mwanawe atafsiri.

"Anasema, mji huu uliwahi kuungua wakati wa vita," Morita alisema polepole. "Mimi nilikuwa jeshini, mbali, na yeye hakujua kama niko hai. Anasema alifua nguo. Zilipokwisha nguo chafu akafua safi. Mpaka nikarudi." Kikongwe aliongeza neno, na Morita akatabasamu kidogo. "Anasema wewe huna nguo za kutosha za kufua, basi chukua kamera."

Amuri aliichukua. Hakuwa na jambo jingine la kufanya na mikono yake. Alikwenda na Morita milimani majani yalipogeuka mekundu, wakalala katika vijiji vyenye mapaa ya nyasi, marefu na makali kama viganja viwili vilivyokutanishwa kuomba. Sasa alipiga picha kwa ajili ya mtu mmoja. Kila alipotazama ndani ya kamera alimsikia Hadidja akiuliza: wanapikia wapi? Huyu mama anavaaje hiyo nguo? Mtoto anaogeshwa katika nini? Basi alipiga jiko lililochimbwa katikati ya sakafu na birika jeusi lililoning'inia juu yake. Alimpiga mwanamke akimfunga bintiye mkanda mpana wa kimono, goti likiwa mgongoni kwa mtoto ili aweze kuukaza.

Theluji ilimkuta huko milimani. Alitoka nje asubuhi akakuta dunia haina sauti. Alivaa koti la Tonton Feruzi, akafunga vifungo vyote vya mfupa, akasimama uani akicheka peke yake, na Morita akampiga picha bila yeye kujua.

Karibu na wakati huo askari wa Kibelgiji walishuka Kisangani kwa miavuli kutoka ndegeni. Gazeti lilitoa picha ya barabara yenye maiti, na Amuri akautambua ukuta wa posta. Kuhusu Kabondo hapakuwa na neno. Siku zile aliswali sana.

Mwaka mpya ulipokaribia, majirani wa Morita walileta kinu kikubwa cha mti uani, wakakitia wali uliopikwa ukiwa bado unatoa mvuke, wakaanza kuutwanga. Amuri aliruka kutoka ukumbini.

"Hiyo iko lituma!" alipiga kelele kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyemwelewa.

Kwa Kisangani lituma ni ndizi, makemba, zilizochemshwa na kutwangwa mpaka ziwe donge laini. Hawa walitwanga wali, lakini mlio ulikuwa ule ule, na hata mwanamke aliyeingiza mkono kinuni kugeuza donge kabla ya mchi kushuka, alijua wakati wake kama mama yake Amuri alivyojua. Walimpa mchi. Alitwanga mpaka jasho likamtoka katika baridi ile, watu wakihesabu kwa sauti na kupiga makofi. Ndiyo siku aliyoanza kula tena vizuri.

Mwezi wa pili, habari ikapita kwa njia ya ndugu aliyekuwa Léopoldville: Hadidja na Nyota wazima. Simu ya maandishi ilikuwa fupi, wala haikutaja mtu mwingine. Amuri alimwonyesha yule kikongwe ile karatasi, naye akaipokea kwa mikono miwili, akainama juu yake, ingawa hakuweza kuisoma.

Alifika nyumbani kwa meli mvua za mwaka 1965 zilipoanza. Hakuna aliyejua siku ya kuja kwake. Alipita mjini kwa miguu, mashine ya kuonyeshea picha begani, zawadi ya chama cha Gifu, na sanduku la picha kwapani. Nyumba nyingi hazikuwa na vioo. Watu walimsalimia kwa kumtazama mara mbili. Mlango wa studio ulikuwa bado wa buluu, na chini ya kitasa palikuwa na tundu la risasi lililozibwa kwa nta. Kutoka ndani alisikia sauti.

"Papa, simama sawa. Hapana kucheka. Bon, cheka kidogo."

Akabisha.

"Mungoje inje!" sauti ilijibu. "Niko na mutu!"

Amuri akangoja nje. Alisema baadaye kwamba kungoja kule, ameegemea ukuta, akisikiliza mkewe akimpanga mteja, kulikuwa saa nzuri kuliko zote za maisha yake. Mteja alitoka, na Hadidja nyuma yake akifuta mikono kwa kitambaa. Alimwona. Kitambaa kikaanguka. Alimshika mkono, akamshika bega, akamshika shavu, kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa.

"Umenenepa," alisema.

Kisha wakalia wote wawili, na Nyota, aliyetokea uani, akamwuliza mama yake huyu mgeni amefanya nini.

Jioni ile Hadidja alimsimulia. Hakufunga studio. Waasi wenyewe, wale waliojiita Simba, ndio waliokuwa wateja wake wakubwa: walitaka kupigwa picha na mikuki, na ngozi za wanyama, na majani vichwani. Alikuwa akiwapanga, akiwanyoosha mabega kama watu wote.

"Siku moja mukubwa wao aliniuliza, 'Bwana yako iko wapi?' Nikasema, Japani. Akasema, 'Japani iko upande gani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema, upande jua inatokea. Akafikiri. Akasema, 'Iko muzuri,' akasimama kwa picha."

Amuri alicheka, kisha akaona Hadidja hacheki tena. Akajua kuna jambo.

"Tonton Feruzi," alisema. "Siku ile askari waliposhuka. Alitoka kuita watoto wa jirani waingie ndani. Risasi haikuuliza iko ya nani."

Walikuwa wamemzika pamoja na wengine wa mtaa. Kesho yake Amuri alikwenda kaburini, akaketi pale asubuhi yote. Alimsimulia marehemu habari za koti, jinsi lilivyozuia upepo, jinsi Wajapani walivyolishika na kuusifu mshono wake. Kwa muda mrefu baadaye, akikaribia ile baraza ambapo cherehani ilikuwa ikilia, alivuka barabara.

Watu walianza kuuliza picha. Amuri hakuwa na moyo. Ni Hadidja aliyelishusha shuka jeupe la studio, akalifua, akalitundika uani kwenye kamba, na kutangaza kwa majirani kwamba siku ya Jumamosi, baada ya swala ya magharibi, waje na viti vyao. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa umerudi, ingawa uliyumba. Walikuja zaidi ya viti. Lambert alivuka mtaa na ukoo mzima wa Wagenia nyuma yake. Alikuja Mwalimu Yakubu wa madrasa, akaketi mbele kabisa, fimbo mapajani.

Picha zilikuwa za rangi, za filamu inayopitisha mwanga, ndogo kama kiberiti kila moja, lakini mashine ilizikuza hata zikajaa shuka zima. Milima ilipotokea, watu walisogeza viti mbele. Ilipotokea theluji, mtu mmoja akauliza kama ni pamba, na mwingine akasema ni unga, akataka kujua kwa nini hawauzoi. Ndipo wakatokea mnandi, kamba shingoni, moto ukiwaka mbele ya mashua, na Lambert akasimama.

"Munaona? Munaona? Nilisema miaka miwili, mukaniita mulevi!"

"Subiri," Mwalimu Yakubu alisema, akiinua fimbo. "Samaki ameingia koo ya ndege, ametoka. Kumula, inakubalika?"

Kelele ikaanza. Mmoja alisema samaki ni samaki. Mwingine alisema matapishi ni matapishi. Lambert, Mkristo, alijitolea kula sehemu ya wote. Mwalimu alifikiri mpaka umeme ukakatika na kurudi, kisha akatoa hukumu kwamba samaki akioshwa vizuri hana lawama, ila yeye binafsi hatamla. Watu walicheka, na Amuri, aliyesimama nyuma ya mashine, akatambua kwamba hajasikia kicheko cha namna hiyo tangu arudi.

Picha ya kinu ilipotokea, akina mama wote walipiga vigelegele.

"Lituma! Lituma ya wali!"

"Lakini ule papa mwenye kutupa mugongo anashika muchi kama jembe," mmoja wao alikosoa.

"Ule ni miye," Amuri alisema, na hapo ua mzima ukavunjika mbavu.

Walipofika mwisho, sauti moja ilitoka kando. Alikuwa Mama Aziza, jirani, aliyempoteza mumewe na kaka yake katika miezi ile. "Amuri, murudishe ile ya wamama ku shamba ya chai."

Akairudisha. Wachumaji wale walisimama tena juu ya shuka, vikapu mgongoni, wanacheka, mlima nyuma yao. Muda ulipita. Watoto walianza kunung'unika, Hadidja akawanyamazisha.

"Nataka kuangalia tu fasi ile, pahali watu hawakimbie," Mama Aziza alisema.

Wakaiacha picha ile pale mpaka aliposema basi.

Baada ya Jumamosi ile Amuri aliitwa kila upande: mtaa wa Mangobo, ng'ambo ya mto, hata katika ukumbi wa misheni, ambapo padri mmoja aliomba picha ya miavuli mara tatu. Mwaka uliofuata mji ulipewa rasmi jina lake la Kisangani. Mwaka 1967 bunduki zililia tena, wao wakakimbilia kijiji cha Bengamisa, kaskazini ya mji, na watu wengi wa mtaa wao. Mashine ya kuonyeshea ilibaki. Sanduku la picha Hadidja alilibeba kichwani, chini ya sufuria. Kule Bengamisa hapakuwa na umeme, basi wenyeji walipoomba kuona, Amuri aliwapa picha moja moja waziinue kuelekea angani. Walipanga mstari kando ya barabara, jicho moja limefumbwa, na kila mmoja aliona Japani yake ndogo yenye mwanga wa jua la Bengamisa nyuma yake. Hakuna iliyopotea.

Mambo yalipotulia wakarudi, wakapaka mlango rangi upya. Lakini Amuri hakuwa tena mtu wa kukaa ndani ya studio. Alianza kutoka alfajiri kwenda maporomokoni, akisimama mpaka magotini majini. Alipiga wauza samaki, mafundi wa mitumbwi, watoto wakifua sare. Wateja walilalamika. Hadidja naye hakutaka kubaki kuwapokea peke yake, kwa kuwa Morita alimtumia kamera ndogo ya mkononi, na kamera ile ilimwasha vidole.

Basi walifunga studio, wakamwacha Nyota kwa bibi yake, wakapanda meli kwenda Basoko. Safari nzima walibishana. Amuri alitaka mto, ukungu, visiwa. Hadidja alitaka abiria. Alizunguka kati ya magunia na mbuzi, akiwageuza watu mabega na kuwauliza majina. Pale Basoko, ambapo mto Aruwimi unaingia katika mto mkubwa na maji yanakwenda pamoja kwa kitambo bila kuchanganyika rangi, Amuri alisimamisha kamera yake ya miguu mitatu juu ya ukingo na kusubiri mawingu yakae vizuri. Alisubiri sana. Hadidja alikuwa tayari amemaliza filamu mbili kwa akina mama wanaokausha samaki, na mmoja wao alikuwa amewaandalia sahani.

"Papa Nyota!" aliita kutoka chini. "Mawingu itakuja yenyewe. Kuja tukule, samaki inapoa."

Amuri alitazama angani, akatazama sahani. Akakifunika kioo cha kamera kwa leso, akashuka.